Sura ya Sita: Shamba Moja, Anwani Lukuki

Kabla hatujafika shambani, jina la mahali limeshatugawa. Wapo wanaoandika Gitting, wapo wanaoandika Giting, na wenyeji hawaoni sababu ya kugombana kwa kuwa wao hawapatafuti, wanaishi hapo. Ni kata ya Wilaya ya Hanang, mkoani Manyara, chini ya mlima unaopanda zaidi ya mita 3,400 na ambao wilaya imechukua jina lake. Jina la wilaya nalo lina utata: Hanang au Hanang'? Tukilitamka, ni sauti ileile ya ng'ombe. Tukiliandika, huyu anaweka ritifaa, yule anaiacha. Binadamu anasoma yote mawili bila kukunja uso. Kompyuta haina uungwana huo. Kwake ritifaa ni alama kama alama nyingine, tena yenye nuksi, maana ikiingia kwenye anwani ya tovuti mara nyingi hugeuzwa kuwa %27, na wilaya nzima ya wafugaji na wakulima wa ngano inaonekana kama kitu kilichopunguzwa bei.

Sasa tuseme kuna shamba la ekari 5 Gitting, mwenyewe anataka kuuza. Dalali amelipiga picha nne, amelipandisha kwenye tovuti ya mashamba na viwanja, na tovuti imelipa ukurasa wake. Ukurasa mmoja. Ndivyo anavyodhani dalali, na ndivyo anavyodhani mwenye tovuti.

Hebu tuhesabu. Ukiufikia ukurasa huo kupitia kundi la mashamba, anwani inaanza na neno mashamba. Ukiufikia kupitia kundi la ardhi, inaanza na ardhi. Ukiufikia kupitia jina la dalali, jina lake limo ndani ya anwani. Kuna toleo la simu lenye herufi m mwanzoni, na toleo la kuchapisha ambalo sijui kama kuna mtu amewahi kulichapisha. Kuna anwani yenye www na isiyo nayo, yenye http na yenye https, yenye mkwaju mwishoni na isiyo nao. Kuna Gitting yenye G kubwa na gitting yenye g ndogo, ambazo kwenye njia ya anwani zinahesabika kuwa vitu viwili. Halafu mtu anaposti kiungo Facebook, na tangu 2018 Facebook imekuwa ikikifungia mkia mrefu unaoanza na fbclid, kila anayebofya na mkia wake. Udongo ni uleule, mipaka ileile, bei ileile, picha zilezile nne. Anwani ni lukuki.

Kwa mteja hilo si tatizo. Akibofya anafika. Tatizo ni la yule mgeni mwingine anayepita usiku na mchana bila kununua chochote: roboti wa injini ya utafutaji. Kazi yake ni kufuata viungo, kuchukua kurasa na kuzipeleka zikapangwe kwenye faharasa, lile daftari kubwa ambalo Google hulifungua mtu anapoandika "shamba linauzwa Gitting". Kinachotoka kwenye majibu ni kile tu kilichomo ndani ya daftari. Na roboti haujui ukurasa kwa sura yake, anaujua kwa anwani. Akikutana na anwani kumi na mbili, kwake ni kurasa kumi na mbili mpaka azisome zote na kugundua kwamba amedanganywa.

Akishagundua, anazikusanya katika fungu moja na kuchagua mwakilishi. Mmoja tu ndiye anayeingia kwenye majibu, wengine wanakaa nyuma ya pazia. Sura hii inahusu huyo mwakilishi: anachaguliwaje, na mwenye tovuti ana sauti kiasi gani katika uchaguzi huo.

Waandishi wa programu humwita mwakilishi huyo kwa neno la Kiingereza, canonical, na wengi wetu tumelichukua hivyohivyo kana kwamba Kiswahili hakina chake. Kinacho. Neno lao linatokana na kanon la Kigiriki, lililokuwa na maana ya fimbo iliyonyooka ya kupimia. Neno hilohilo liliingia Kiarabu likawa qanun, na kutoka huko likatufikia sisi likiwa kanuni. Ni ndugu wa tumbo moja waliopitia njia tofauti, mmoja kupitia Roma, mwingine kupitia Bara Arabu na pwani yetu. Kwa hiyo hapa nitaiita anwani ya kanuni, bila kuomba radhi. Napenda pia kwamba asili yake ni fimbo ya kupimia, kwa sababu anayenunua ardhi vijijini kwetu anajua balaa la kupima bila fimbo. Ekari, utaambiwa, ni hatua 70 kwa 70. Hatua za nani? Muuzaji akiwa mrefu umebarikiwa, akiwa mfupi na mwenye haraka umeliwa.

Tarehe 12 Februari 2009, Google, Yahoo na Microsoft, mahasimu watatu ambao si kawaida yao kukubaliana, walitangaza kwa pamoja kwamba wataitambua lebo moja mpya. Ni mstari mmoja wa msimbo unaowekwa kwenye kichwa cha ukurasa, sehemu ambayo msomaji haioni, wenye neno canonical na anwani moja. Maana yake: mimi ni nakala, mwenye jina halali ni yule pale. Nakala zote kumi na mbili za shamba letu zinabeba mstari uleule, zote zikinyooshea kidole anwani moja. Hiyo iliyochaguliwa nayo inajinyooshea yenyewe, kama mtu anayeitwa darasani na kujibu "nipo". Desemba mwaka uleule Google ikakubali kidole kinyooshwe hata kwenye tovuti nyingine kabisa. Mwaka 2012 utaratibu ukaandikwa rasmi katika waraka uitwao RFC 6596, kurasa chache tu, unaosomeka kwa kikombe kimoja cha chai.

Wengi walidhani mambo yameisha. Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Lebo hii si amri. Google inasema hivyo waziwazi katika maelezo yake: ni dalili, tena dalili yenye nguvu, lakini inapimwa pamoja na nyingine. Mfano wake uko kwenye baraza la kijiji linalosuluhisha ugomvi wa mpaka. Unakuja na karatasi yako, sawa, inapokewa. Lakini wazee watauliza pia: majirani wanasemaje? Mti wa mpakani uko wapi? Nani amekuwa akilima upande ule miaka yote? Karatasi ikikubaliana na majirani na mti, kazi imekwisha. Karatasi ikisema hivi na kila kitu kingine kikisema vile, karatasi inawekwa pembeni kwa heshima zote.

Majirani wa ukurasa ni viungo vya ndani ya tovuti yenyewe. Lebo ikisema anwani halali ni ile ya kundi la mashamba, ilhali ukurasa wa mwanzo, menyu na orodha zote zinaelekeza kwenye ile ya kundi la ardhi, mashine inaanza kutilia shaka. Mti wa mpakani ni ramani ya tovuti, lile faili la orodha ambalo mwenye tovuti hulikabidhi kwa injini ya utafutaji. Dalili yake ni hafifu, lakini ikipingana na lebo inaongeza kelele. Uelekezaji wa kudumu, yaani kumchukua mgeni aliyebisha mlango wa zamani na kumpeleka moja kwa moja mlango mpya, ni ushahidi mzito. Https hupendelewa kuliko http. Na juu ya yote, mashine inasoma kilichomo. Ukurasa unaodai kuwa nakala ya mwingine huku maneno yake ni tofauti kabisa, dai lake linaweza kupuuzwa.

Mwenye tovuti hulijua hili siku anapofungua ripoti ya Google na kukuta maneno makavu yanayomwarifu kwamba ukurasa wake umeonekana kuwa nakala, na kwamba Google imechagua anwani ya kanuni tofauti na aliyoipendekeza yeye. Hakuna pa kukata rufaa. Unarudi nyumbani, unapanga ushahidi wako upya, unasubiri roboti apite tena.

Niliwahi kumsaidia jamaa mmoja mwenye tovuti ndogo ya nyumba na viwanja. Alinipigia simu akiwa amechanganyikiwa. "Mkuu, tumepotea. Jana tulikuwepo, leo hatupo." Nikamuuliza wamebadilisha nini. "Hakuna, kijana kaweka muonekano mpya tu." Muonekano mpya ulikuwa mzuri kweli. Ila kijana alikuwa ameandika lebo ya anwani ya kanuni mara moja kwenye kiolezo kinachotumiwa na kurasa zote, na anwani aliyoiweka ilikuwa ya ukurasa wa mwanzo. Kila nyumba, kila kiwanja, kila fremu ya biashara, vyote vilikuwa vikiiambia dunia: mimi si kitu, nendeni ukurasa wa mwanzo. Mashine haikukubali yote, kwa sababu zile nilizozieleza. Lakini ilikubali ya kutosha kumnyima jamaa yangu usingizi kwa wiki kadhaa. Kulirekebisha kosa ilikuwa kazi ya dakika tano. Kurudi kwenye faharasa ilikuwa kazi ya kusubiri.

Shamba moja lenye anwani kumi na mbili ni msalaba mwepesi. Mzigo wenyewe uko kwenye vichujio.

Tovuti yoyote ya mali isiyohamishika inampa mteja vichujio: aina, bei, ukubwa, mpangilio wa kuanzia cha bei rahisi au kipya zaidi. Kila uchaguzi unazaa anwani. Tuseme kuna aina 4, ukiongeza "zote" ni 5. Viwango vya bei 5, ukiongeza "yoyote" ni 6. Ukubwa 4, na "wowote" ni 5. Mpangilio wa namna 3. Zidisha: 5 mara 6 mara 5 mara 3, unapata 450. Hizo ni za eneo moja. Wilaya za Manyara ni tano, Babati, Hanang, Kiteto, Mbulu na Simanjiro, kwa hiyo ni anwani 2,250, na hatujashuka hata kwenye kata. Sasa tuseme matangazo yenyewe ya mkoa mzima ni 60. Nyingi ya kurasa hizo ni tupu, na zenye kitu zinarudia vitu vilevile kwa mpangilio tofauti. Tena kama programu haipangi vigezo kwa utaratibu maalumu, basi kuchagua bei kisha ukubwa kunazaa anwani moja, na kuchagua ukubwa kisha bei kunazaa nyingine.

Roboti hana muda usio na mwisho. Kila tovuti inapewa kiasi fulani cha kutembelewa, kulingana na uwezo wa seva yake na jinsi kurasa zake zinavyohitajika. Akiutumia muda huo kuzunguka kwenye vichochoro vya vichujio, tangazo la shamba lililopandishwa jana linakaa foleni. Hata mwenye tovuti ndogo anaumia, ikiwa matangazo yake ni machache na vichochoro vyake ni vingi.

Lebo inasaidia hapa, lakini si kama watu wanavyofikiri. Inamwambia roboti kwamba ukurasa huu ni sawa na ule, ila ili aisome lebo ni lazima kwanza aufungue ukurasa. Kwa hiyo muda umeshatumika. Haiokoi safari, inaokoa hukumu. Ukitaka asiende kabisa unamzuia kwa faili la robots.txt. Hapo kuna mtego mwingine: ukimzuia hataisoma lebo. Wapo wanaofanya yote mawili kwa pamoja, sawa na mtu anayemfungia tarishi mlango kisha akalalamika kwamba barua iliyo mezani haijachukuliwa. Google ilikuwa na chombo cha kuieleza vigezo vya anwani kimoja kimoja. Ikakistaafisha mwaka 2022, ikisema mitambo yake sasa inatambua yenyewe. Inatambua, ndiyo, lakini kwa gharama ya safari zako.

Ninachowashauri wanaoniuliza ni kuchagua. Orodha ya mashamba ya Gitting ni ukurasa halisi, kuna mtu ataitafuta kwa jina, ipewe anwani yake safi na ijinyooshee kidole yenyewe. Mashamba ya Gitting yaliyopangwa kwa bei kutoka chini ni orodha ileile iliyogeuzwa, basi inyooshe kidole kwa ya kwanza. Ukurasa wa pili wa orodha, hata hivyo, si nakala ya ukurasa wa kwanza. Una mashamba mengine. Kuufanya unyooshe kidole kwa wa kwanza, kosa ninaloliona kila mara, ni kuyazika yale mashamba. Na toleo la Kiingereza la tangazo si nakala ya toleo la Kiswahili. Lugha mbili ni kurasa mbili, kila moja ina haki yake, zinaunganishwa kwa lebo nyingine iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Nimekuta tovuti zilizoifanya Kiingereza kuwa kanuni na Kiswahili kuwa kivuli chake, kisha wenyewe wakashangaa kwa nini anayeandika "shamba la kuuza" hawaoni.

Turudi kwa dalali wetu. Dalali hafanyi kazi peke yake. Ana dalali mwenzake Katesh, mwingine Babati, mwingine Arusha, kila mmoja amepokea picha zile nne kwa WhatsApp na kila mmoja ameweka cha juu chake. Kwenye tovuti tatu nyingine shamba lipo kwa bei tatu, namba tatu za simu, na maneno yaleyale, kwa kuwa nani ana muda wa kuandika upya? "Shamba linauzwa Gitting, ekari 5, udongo mzuri, barabara inafika, maongezi yapo." Hakuna lebo inayoweza kutatua hili. Tovuti ya Arusha haitanyooshea kidole tovuti ya Babati, maana itakuwa inamkabidhi mteja kwa mshindani. Inawezekana tu pale wenye tovuti wamekubaliana, na hata kwa waliokubaliana Google siku hizi inashauri kwamba ni salama zaidi anayepokea nakala aizuie isiingie kwenye faharasa kabisa kuliko kutegemea lebo. Kinachobaki ni mashine kukusanya zote na kumchagua inayemwona bora. Mara nyingi ni tovuti kubwa, si yule aliyekanyaga matope kulipiga picha shamba.

Upande wa pili wa jambo hilo unanisikitisha zaidi. Maneno yale ya "udongo mzuri, barabara inafika" dalali huyohuyo ameyatumia kwa mashamba mengine matano ya kata hiyohiyo. Picha ya kwanza ni ya mlima, kwa sababu mlima unapendeza. Ukubwa ni ekari 5 au 6. Mashine inayasoma matangazo sita, inaona karibu kila neno linafanana, inahukumu: hili ni shamba moja limeandikwa mara sita. Inachagua moja, matano yanazama. Kwa hiyo kwa shamba moja mashine inaona mengi, na kwa mashamba mengi inaona moja. Kosa hili la pili linatoka kwenye uvivu wa kutoeleza kipande cha ardhi kwa yale yanayokitofautisha na kipande cha jirani: kinapakana na nani, kimepandwa nini msimu huu, maji yako umbali gani, karatasi yake ni ipi.

Karatasi. Wizara ya ardhi ina msamiati wake kwa kiwanja kimoja kilichotolewa kwa watu wawili: milki pandikizi. Aliyeugua ugonjwa huo hahitaji kuelezwa. Mjini dawa yake inajulikana, walau kwa nadharia: namba ya kiwanja, kitalu, na hati moja. Hiyo ndiyo anwani ya kanuni ya ardhi, na ilikuwepo kabla ya intaneti. Kijijini kuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Ardhi inasimamiwa na halmashauri ya kijiji na mwanakijiji anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Ukiona tangazo la shamba la kijijini lenye picha ya mlima na namba ya simu bila neno lolote kuhusu halmashauri ya kijiji, hapo tatizo lako si la Google tena.

Hanang inalijua somo hili kwa machungu. Kuanzia miaka ya 1970, katika tambarare za Basotu, shirika la umma la NAFCO lilifungua mashamba ya ngano kwa msaada wa Kanada, mwishowe ekari zipatazo 100,000. Sehemu kubwa ilikuwa malisho ya Wabarabaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, wakashinda Mahakama Kuu, kisha katikati ya miaka ya 1980 Mahakama ya Rufani ikaugeuza uamuzi: halmashauri ya kijiji haikuwa imethibitisha kwamba iligawiwa ardhi ile kisheria. Majirani walijua, makaburi ya wazee yalikuwepo, mifugo ilijua njia. Karatasi ndiyo haikuwepo. Silinganishi kupoteza malisho na kupoteza nafasi kwenye majibu ya Google, ingekuwa kufuru. Nasema tu kwamba huku ndiko tunakojaribu kuuza ardhi kwa picha nne na maneno ya kunakili, na watu wa huku wana sababu ya kuuliza kipande kinachouzwa ni kipi hasa.

Na kipande kinaweza kubadilishiwa anwani bila kusogea hata inchi moja. Mwaka 1969 Hanang ilimegwa kutoka Mbulu. Katikati ya miaka ya 1980 Babati ikamegwa kutoka Hanang. Mwaka 2002 wilaya hizi zote zikatolewa Mkoa wa Arusha na kuwa Mkoa wa Manyara. Mzee aliyezaliwa Gitting kabla ya 1969 amekuwa mtu wa Mbulu, kisha wa Hanang ya Arusha, kisha wa Hanang ya Manyara, akiwa amekaa kwenye kigoda kilekile. Anayejenga tovuti ya ardhi akaweka mkoa, wilaya na kata ndani ya anwani ya kila tangazo ajue anajenga juu ya mchanga. Siku mstari mpya utakapochorwa, anwani zake zote zitakuwa za uongo, na itabidi kila ya zamani iwekewe uelekezaji wa kudumu kwenda mpya. Afadhali tangazo lipewe namba yake, fupi, isiyobadilika, na majina ya mahali yakae ndani ya ukurasa ambako yanaweza kurekebishwa, Gitting na Giting yote mawili, Hanang na Hanang' yote mawili, ili atakayeandika lolote apate.

Kuhamisha anwani kwa wingi si jambo la kufikirika hapa kwetu. Mwaka 2016 Lamudi ya Afrika iligeuzwa jina kuwa Jumia House. Mwaka 2019 Jiji ilinunua biashara ya OLX katika nchi tano, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo, na waliokuwa wakienda OLX wakawa wanapelekwa Jiji. Nyuma ya tangazo kama hilo la magazetini kuna mtu amekaa na orodha ndefu ya anwani, anaoanisha ya zamani na mpya, akijua kwamba kila atakayoisahau ni mlango unaofunguka kwenye shimo.

Imebaki siku shamba letu litakapouzwa. Dalali makini atataka ukurasa ufutwe, na mwenye tovuti atashawishika kuupeleka ukurasa wa mwanzo ili asipoteze wageni. Mashine inaujua ujanja huo. Ukurasa wa shamba unaoishia kwenye ukurasa wa mwanzo inauhesabu kuwa ukurasa uliokufa uliovikwa nguo. Kama kuna shamba jingine lililochukua nafasi yake, elekeza huko. Kama hakuna, sema limekufa, seva itoe jibu la 410, roboti aelewe asirudi. Au uache ukurasa kwa muda na neno "limeuzwa" juu yake, jambo ambalo wanunuzi hulipenda kwa sababu wanaona bei iliyokuwa ikitajwa.

Huko Arusha, wakati huo, dalali wa tatu hajapata taarifa. Tangazo lake bado liko hewani na cha juu chake, anwani ya pekee iliyobaki na picha zile nne. Mashine, iliyompoteza mwakilishi wa zamani wa fungu, inamchagua yeye. Mtu wa Dar anayetafuta shamba Gitting anabofya, anapiga simu, na anaambiwa kwamba lipo, maongezi yapo, atume kwanza hela ya kuonyeshwa.